Picha ya Shangazi na Sura Zisizo na Majina

Shangazi yangu alipofariki mwaka jana, kamati ya mazishi ilinipa kazi niliyodhani ni ndogo kuliko zote. Wenzangu walipangiwa mambo mazito: jeneza, basi la kwenda kijijini, chakula cha waombolezaji. Mimi nikaambiwa nitafute picha. Picha moja nzuri, ikakuzwe, itiwe kwenye fremu, ibebwe mbele ya jeneza na ichapwe kwenye jalada la programu. Nilikadiria nusu saa. Ilinichukua siku tatu na kunigombanisha na nusu ya ukoo.

Picha zenyewe zilikuwa mbili tu za kufaa. Ya kwanza ni ya kitambulisho: kitambaa kichwani, midomo imebanwa, macho ya mtu aliyeamrishwa asicheke. Ya pili ilikuwa imening'inia juu ya kochi nyumbani kwake Maringo tangu nijifahamu. Humo ni msichana wa miaka ishirini na kitu, amesimama mbele ya ukuta uliochorwa ziwa na minazi, gauni limeishia juu ya magoti, miwani ya jua ameishika mkononi kama mtu aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani. Kando yake kuna meza ndogo yenye redio. Redio haikuwa yake. Ilikuwa mali ya studio moja ya River Road, na kila aliyepigwa picha pale alipigwa nayo. Nyuma ya picha kuna mwandiko wake mwenyewe, wino wa buluu: jina lake, kisha "Maringo, 1968".

Ami zangu walisema gauni ni fupi, mchungaji ataona vipi. Binamu mmoja akapendekeza tukate picha kifuani, watu waone uso tu. Nilikuwa karibu kukubali, maana mtu huchoka. Lakini mama mmoja wa chama cha shangazi, aliyefahamiana naye tangu enzi za Maringo mpya, alinivuta pembeni jikoni. "Wewe kijana," akasema, "kama angetaka watu wamwone wa kitambulisho, si angekitundika kile ukutani?"

Sikuwa na jibu. Na swali lake limenifuata hadi leo, kwa sababu juma lile lile nilikuwa nikisoma habari za mwanamke mwingine ambaye picha yake ilikuwa na mgogoro wa namna hiyo hiyo, ijapokuwa aliishi mbali sana na barabara ya Jogoo.

Anaitwa Faase. Nilimkuta katika kitabu kikuukuu cha sanaa nilichonunua kutoka kwa wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara, mjini. Alichorwa na John La Farge, Mmarekani wa New York, mchoraji na fundi mashuhuri wa madirisha ya vioo vya rangi makanisani. Mwaka 1890, akiwa na miaka 55, La Farge alipanda meli pamoja na rafiki yake, mwanahistoria Henry Adams, wakaelekea Bahari ya Pasifiki. Walifika Samoa mwezi Oktoba na kukaa hadi mapema mwaka uliofuata, wakizunguka visiwani kwa mashua, wakipokewa na wazee wa vijiji na kuchezewa ngoma ya siva usiku kwa mwanga wa moto. La Farge alikuwa na kisanduku chake cha rangi za maji. Katika ghuba ya Fagaloa, kwenye kisiwa cha Upolu, alimchora Faase, na katika picha mojawapo akamchora pamoja na mwanamke mtu mzima aliyekuwa mlinzi wake.

Faase alikuwa taupou. Hicho ni cheo. Taupou ni binti wa mzee mkubwa wa kijiji, anayewekwa rasmi kuwa ndiye mwenyeji wa wageni: yeye huongoza ngoma, yeye huandaa kinywaji cha kava katika baraza, na heshima ya kijiji kizima imo katika mwenendo wake. Ndiyo maana hatembei bila mlinzi. Mgeni anapofika, taupou ndiye anayempokea, kwa hiyo yule Mmarekani hakumwokota njiani. Alipelekwa kwake. Aliketi mbele ya mtu mwenye ofisi, kama vile mgeni wa leo anavyoketi mbele ya gavana.

Kinachonivutia katika picha hii ni anwani yake kuliko hata rangi. La Farge aliandika jina la mwanamke, akaandika cheo chake kwa Kisamoa, akaandika na mahali anakotoka. Hapo hapo akaharibu kidogo, kwa kufasiri cheo hicho kuwa "bikira rasmi", kana kwamba kazi yote ya yule binti ilikuwa hiyo moja. Wazungu wa karne ile walikuwa na hamu ya ajabu ya kujua habari za ubikira wa watu wasiowahusu. Hata hivyo jina lilibaki. Miaka zaidi ya 130 baadaye mimi mtu wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, naweza kulitaja.

Linganisha na mwanamke mwingine wa Pasifiki. Mwezi Juni 1891, La Farge akiwa ameondoka tu Tahiti, Mfaransa Paul Gauguin aliwasili huko, na mwaka huo huo akachora picha ya mwanamke wa Kitahiti mwenye gauni la kimisionari, lililofungwa mpaka shingoni. Picha hiyo aliipa anwani ya Kitahiti, Vahine no te Tiare, yaani mwanamke mwenye ua. Picha iko Copenhagen. Gauguin ana umaarufu mara mia ya La Farge, na wenye kujua uchoraji watakuambia alimzidi mbali. Sibishi. Lakini mwanamke alikuwa jirani yake, alimwona kila siku, na kilichofika kwetu ni ua.

Watu wa visiwa vile hawakunyamaza. Mwaka 2022, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Yuki Kihara, msanii mwenye asili ya Samoa na Japani, aliiwakilisha New Zealand kwa kuzipanga upya picha za Gauguin akitumia kamera. Walioketi mahali pa wale wanawake wa Gauguin walikuwa Wasamoa wa leo, wengi wao fa'afafine, watu ambao katika desturi ya Samoa wanatambuliwa kuwa wa jinsia ya tatu. Na wako Samoa kwao, nyuma yao ni bahari yao.

Sasa turudi nyumbani, maana nina neno na Nairobi.

Sisi nasi tuna wachoraji wetu wa safari. Wa kwanza wa kutajwa ni Akseli Gallen-Kallela, Mfini, aliyefika mwaka 1909 na mke na watoto wawili, mji wenyewe ukiwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli itue. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja, akapaka milima, majani makavu na sura za watu kwa rangi kali ambazo hakuwa amezitumia kwao, kisha akafunga mizigo. Zaidi ya picha mia moja ziliondoka naye. Mtu anayetaka kuona Nairobi na Mlima Kenya wa siku hizo kwa macho yake afunge safari hadi karibu na Helsinki, kwenye nyumba aliyojijengea, ambayo sasa ni jumba la makumbusho.

Wa pili ndiye mkubwa, na tunamjua kwa jambo lingine kabisa. Joy Adamson, mama wa simba Elsa, mwandishi wa kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kupendwa dunia nzima, alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtu wa simba. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akaja Kenya mwaka 1937, akaanza kwa kuchora maua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi: azunguke nchi nzima achore watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili kabla hayajatoweka. Alifanya kazi hiyo kwa miaka, akatoa mamia ya picha, na mwaka 1967 nyingi kati ya hizo akazitia katika kitabu kikubwa kuhusu watu wa Kenya. Picha zenyewe ziko kwetu. Zipo Ikulu, na zipo katika Jumba la Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, ambako karibu kila mtoto aliyesoma Nairobi amewahi kupitishwa mbele yake akiwa kwenye mstari, ameshikana mkono na mwenzake.

Nami nilipitishwa. Nikarudi juzi nikiwa mtu mzima, baada ya mazishi, nikasimama nilipotaka kwa muda niliotaka. Niseme haki: yule mama alikuwa na mkono. Ushanga umehesabika, chuma kinang'aa kama chuma, ngozi ina mikunjo ya ngozi. Mtu anayefuma ushanga leo akitaka kujua wa zamani walipangaje nyekundu na buluu, atapata jibu pale kuliko mahali pengine popote. Kazi ya miaka ile ingefanywa ovyo tungekuwa tumepoteza mengi.

Lakini soma vibao. Mahali penye jina la mtu mara nyingi utakuta kabila, kisha hali yake: mzee, morani, bibi harusi, mganga. Macho yanakutazama ya mtu mmoja ambaye hakufanana na mwingine, na kibao kinakuambia ni mfano wa kundi. Ni kama mwalimu wa biolojia anapokuonyesha panzi.

Nami siamini kwamba huo ulikuwa usahaulifu wa mchoraji. Ulikuwa ndani ya kazi yenyewe tangu siku alipopewa. Ukiagizwa uchore kinachotoweka, humtafuti mtu. Unatafuta vazi, na mtu ni msumari wa kulitundikia. Na ukishaanza hivyo, kuna watu ambao hutawaona hata wakikaa mbele yako.

Hutawaona watu wa Eastlands, kwa mfano. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920, na kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wenyeji wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Katika vijiji hivyo vya mwanzo vya Waafrika, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Watafiti Janet Bujra na Luise White, kila mmoja kwa wakati wake, walikaa na hao mabibi na kuandika walichosikia. Walikuja mjini kutoka Murang'a, Kiambu, Ukambani, Nandi na hata Tanganyika, wengine wakikimbia ndoa, wengine njaa. Walipika pombe na kuiuza, wengi walikuwa malaya, na neno hilo hawakulificha. Akiba walijengea nyumba za vyumba vingi, wakawa wanapokea kodi kutoka kwa wanaume wa reli na wa jikoni kwa wazungu. Wengi walisilimu. Asiye na mtoto alimlea binti wa mwingine na kumwachia nyumba, kuliko iende kwa kaka aliyeko shamba ambaye hakuwahi kumtumia hata salamu.

Hawa walikuwa Wakenya wa aina mpya, na waliishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisi za serikali iliyokuwa ikilipia picha. Lakini mama wa Pumwani aliyevaa leso na baibui, mwenye risiti za kodi ndani ya sanduku, hakuwa anatoweka. Alikuwa anaongezeka. Kwa hiyo hakuwa na maana kwa mradi wa kuhifadhi. Ningetoa hela nyingi kuona hata mmoja wao, amechorwa kwa uangalifu ule ule waliopewa wengine, na jina chini yake.

Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua zaidi, nalo ni tarehe. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, serikali ile ile iliizingira Nairobi kwa askari. Ndiyo Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia zima lenye matundu mawili ya macho. Gakunia, watu walimwita. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa vile, unapanda lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia vizuizini. Mtaa wa Bahati ulizungushiwa seng'enge.

Weka mambo hayo mawili pamoja, maana yalitokea pamoja, katika miaka ile ile ya hamsini. Mkono mmoja wa serikali unalipia rangi ili sura ya mwanamke wa Meru ihifadhiwe na hereni zake zote. Mkono mwingine unamkalisha nduguye juani pale Bahati, mbele ya sura iliyofichwa. Mikono yote miwili inauliza swali moja tu: huyu ni wa kabila gani? Jina lake halikuhitajika kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili.

Na kama hiyo haitoshi, kulikuwa na mwanamke wa Kenya aliyekuwa akijifunza kuchora wakati huo huo. Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru mwaka 1928, alisoma katika shule ya sanaa ya Makerere kati ya 1950 na 1952, na alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma pale. Aliporudi Kenya hakuna aliyempa gari, turubai na kibali cha kuzunguka nchi. Alifundisha shule ya msingi. Alifundisha kwa miongo mitatu hivi, akalea watoto, na ni mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa anaelekea miaka 60, ndipo alipoanza kutengeneza picha kwa dhati. Rangi za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo alikata karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazibandika vipande vidogo vidogo mpaka zikawa kuku, wanawake wanaochota maji, watu wanaozungumza. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki Ireland mwaka 2021. Mimi sijui kingetokea nini kama ile kazi ya serikali angepewa yeye. Najua kwamba hakuna aliyemfikiria.

Baadhi ya wasomaji watasema nalia na marehemu, nchi imesonga mbele. Kweli imesonga. Ukitaka kuchorwa leo huna haja ya kwenda mbali na stendi ya basi. Buruburu ina studio ya Brush Tu, iliyoanzishwa na vijana waliokodi nyumba ya kawaida ya mtaa na kugeuza sebule kuwa karakana, na kabla yao chuo cha sanaa cha hapo hapo Buruburu kilikuwa kimetoa wachoraji wengi. Mukuru, upande wa Lunga Lunga, kuna Wajukuu, kikundi kilichoanza mwaka 2004 kwa kufundisha watoto wa mtaa kuchora. Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta, yale yanayofanyika mara moja kwa miaka mitano. Lango la jumba mojawapo walilivisha mabati yaliyochakaa, mgeni akawa anaingia kama anayepita kichochoro cha Mukuru. Mwaka huo huo wakapata Tuzo ya Arnold Bode. Habari hiyo ilipita kwetu kimya kimya, katika juma ambalo tulikuwa tukibishana juu ya mpira wa Uingereza.

Halafu kuna matatu. Wenye nganya, yaani matatu zilizopambwa, za Buruburu, Umoja na Kayole wamelipa wachoraji kuliko serikali yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Sheria za waziri Michuki za mwaka 2004 zilileta mstari wa manjano na kutaka kuwafuta, wakafifia, kisha mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema waachwe wachore, na wakarudi kwa kishindo. Hapo lakini nasi tuna kesi ya kujibu. Nenda kituoni jioni uhesabu sura za wanawake zilizochorwa kwenye mabodi. Wengi ni waimbaji wa Marekani ambao hawajui hata kama Umoja ipo, tena wamechorwa kifua mbele, macho nusu. Hatukuwaomba ruhusa. La Farge angalau aliketi na mtu wake. Dereva wa kike anayeendesha gari hilo hilo, na wapo, sijawahi kumwona amechorwa ubavuni.

Na majina ya mitaa yenyewe? Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla. Wanaume wawili waliouawa katika siku zile mbaya wakaachiwa mitaa. Upande wa wanawake, kwenye vibao vikubwa vya Eastlands namkumbuka Mama Lucy Kibaki, na hiyo ni hospitali. Mabibi wa Pumwani waliojenga nusu ya kijiji kwa mikono yao hawana hata kichochoro.

Nirudi kwa shangazi. Katika kupekua makaratasi yake ili kutimiza mambo ya mazishi niligundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kitambulisho alikipata akiwa mwanamke mzima mwenye watoto. Sheria ya kuandikisha watu, tangu enzi za kipande cha kuning'inizwa shingoni, ilimlenga mwanamume, na ilirekebishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakaandikishwa. Maana yake ni kwamba mwaka 1968, alipopanda ngazi za ile studio ya River Road na pesa zake alizochuma kwa kushona, hapakuwa na ofisi yoyote ya nchi hii iliyokuwa na sura yake. Alijipeleka mwenyewe. Gauni alilishona mwenyewe. Miwani aliazima kwa rafiki, huyo huyo aliyenivuta jikoni. Alichagua ziwa na minazi, akakataa ukuta mwingine uliochorwa ndege ya abiria, kwa sababu, alivyowahi kutusimulia akicheka, kila mtu wa Maringo alikuwa na ndege. Kisha akageuza picha na kuandika nyuma, kana kwamba alijua siku moja watakuja watu kubishana.

Kwa hiyo tulikuza picha ya River Road, nzima, na magoti yake. Mchungaji aliitazama, akatabasamu, akasema alikuwa mrembo. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Faase alikuwa na kijiji chenye nguvu ya kumfanya mgeni aandike cheo chake na jina lake. Shangazi alikuwa na kalamu. Wale wa Museum Hill hawakuwa na lolote kati ya hayo, na ndiyo kazi tuliyobaki nayo. Haihitaji fedha za wafadhili wala kongamano la hotelini. Makumbusho wachape nakala za zile picha, wazipeleke Meru, Embu, Kitui, Pokot na Lamu, wazitundike siku ya soko na siku ya baraza la chifu, waulize: huyu ni nani? Sura hurithiwa. Kuna mtu atasimama na kusema hiyo pua ni ya kwetu. Jibu likipatikana, kibao kibadilishwe, jina lije kwanza na kabila lifuate, au lisifuate kabisa. Najua watumishi wa Makumbusho wanafanya kazi kwa bajeti nyembamba. Karatasi na nauli za matatu si bajeti ya kushinda taifa.

Na wewe msomaji usingoje Makumbusho. Msichana aliyechorwa mwaka 1951 akiwa na miaka 20, kama yu hai, amepita miaka 90. Huenda anaishi kwa mwanawe Kayole au Dandora, anaota jua mlangoni asubuhi, na wajukuu wanampita wakikimbilia shule. Kama nyumbani kwenu kuna nyanya wa umri huo, Jumapili moja baada ya kanisa mpeleke Museum Hill, ni matatu mbili tu kutoka barabara ya Jogoo. Mtafutie kiti, mwache azitazame polepole, na ukae karibu na kalamu. Mpeleke mwaka huu.